Mbwa wa Jirani Naye Atembee

Msomaji, nataka kuteta nawe. Neno nitakalolitetea ni dogo machoni pa wengi, na najua kwamba wako watakaocheka kabla hawajafika mwisho wa ukurasa huu. Nasema hivi: watu waendao matembezini kwa kundi, nao wana jirani ambaye mbwa wake hushinda peke yake amefungwa, wana wajibu wa kubisha hodi kwa jirani huyo na kumwomba ruhusa ya kwenda na mbwa wake. Sisemi kwamba ni jambo zuri wakipenda. Nasema ni wajibu. Anayecheka na acheke, lakini asome kwanza, kwa maana kucheka si kujibu.

Nianze na niliyoyaona kwa macho yangu. Nafundisha katika shule ya sekondari karibu na mji wa Machakos, na nyumba ninayokaa imepakana na boma lenye ua wa michongoma. Ndani ya boma hilo, chini ya mwembe, alifungwa mbwa mmoja wa rangi ya hudhurungi aitwaye Simba. Mnyororo wake ulikuwa na urefu wa hatua tatu. Kwa kuwa aliuzunguka mwembe ule mchana na usiku, nyayo zake zilichora duara juu ya ardhi, na ndani ya duara hilo halikuota hata jani moja. Nje ya duara palikuwa na majani mabichi. Ndani palikuwa na vumbi. Ulimwengu wote wa mnyama yule ulikuwa vumbi lile.

Chakula alipewa asubuhi na jioni, na maji hayakukosekana chomboni mwake. Mpita njia angalisema kwamba mbwa yule anatunzwa vizuri. Lakini usiku ulipoingia, alilia. Sisemi alibweka, maana kubweka ni kazi ya mbwa. Nasema alilia, kwa sauti ndefu iliyopanda na kushuka, mpaka majogoo. Nami nilifanya nini? Nilifunga dirisha. Kwa muda wa miezi mingi nilifunga dirisha, nikaketi mezani, nikasahihisha insha za wanafunzi wangu juu ya huruma na ujirani mwema, huku kilio kile kikipenya katika ufa wa mbao. Usiku mmoja nilisoma katika daftari la mwanafunzi kwamba jirani mwema ni yule asikiaye. Nilimpa alama nzuri, kisha nikaona haya.

Sasa yakupasa kujua habari za kundi letu. Kila Jumamosi asubuhi baadhi yetu tunaokaa mtaa ule huenda matembezini. Tu watu kumi au kumi na wawili: walimu, muuguzi, fundi wa viatu, mwenye duka, na vijana wachache. Twaondoka kumepambazuka, twashika njia iendayo vilima vya Iveti, twapanda mpaka penye miti, twapumzika kidogo, kisha twarudi kabla jua halijawa kali. Twaenda kwa ajili ya afya ya miili yetu, na kwa ajili ya mazungumzo.

Jumamosi moja mwenye duka alikuja macho mekundu. Alituambia kwamba hakupata lepe la usingizi, na kwamba amekata shauri: atanunua nyama, ataitia sumu, na kuitupa juu ya ua. Wengine walicheka. Wengine walinyamaza. Hakuna aliyemwambia, "Usifanye." Tulitembea mwendo mrefu bila ya mtu kusema neno, na kunyamaza kwetu kulinitisha kuliko maneno yake, kwa kuwa mimi nami nilikuwa mmoja wa walionyamaza. Tulipofika kilimani ndipo nilipopata ulimi. Nilisema, "Jamani, sisi tu watu wengi, nasi twapita mlango ule kila Jumamosi. Badala ya kumpelekea sumu, mbona tusije naye?"

Basi siku ile ilizuka hoja ambayo haikwisha kwa wiki kadhaa. Nitakuletea maneno ya wapinzani wangu, moja baada ya jingine, wala sitayapunguza nguvu, kwa kuwa mtu ashindanaye na kivuli hujisifu bure.

Wa kwanza alisema kwamba mbwa ni mlinzi. Kazi yake ni kukaa bomani na kubweka, na kwamba kumtembeza mbwa ni desturi ya Wazungu. Nilimjibu, nami nakujibu wewe kama ndivyo uonavyo: waulize wazee. Mbwa wa mababu zetu alikwenda machungani nyuma ya ng'ombe na mbuzi. Alikwenda mawindoni mbele ya msasi. Jioni alirudi akalala mlangoni. Wahenga waliosema kwamba mbwa wa msasi mkali ni mkali pia walimjua mbwa afuatanaye na bwana wake. Hawakuwa wakimsema mbwa aliyefungwa mtini tangu utoto wake hadi kufa kwake. Kwa hiyo kama kuna kitu kigeni hapa, kigeni ni ule mnyororo usiofunguliwa. Matembezi ni ya kale.

Tena ni ya kale kuliko Wazungu na kuliko sisi. Mwaka 1914 wafanyakazi wa machimbo ya mawe huko Oberkassel, karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Kaburi hilo lina umri wa miaka ipatayo 14,000. Wataalamu waliochunguza meno ya mbwa yule waliona alama za ugonjwa mkali alioupata angali mtoto, wakasema kwamba yamkini asingaliishi hata siku alizoishi kama watu hawakumuuguza. Fikiri, msomaji: watu wale hawakuwa na mashamba wala mifugo, walitafuta riziki yao porini siku kwa siku, na hata hivyo walipata nafasi ya kumuuguza mtoto wa mbwa. Sisi tuna maduka, zahanati na barabara, nasi twasema hatuna nafasi ya kwenda naye kilimani.

Tena mbwa ni wa ukoo wa mbwa mwitu, na mbwa mwitu huishi kwa kundi: huwinda pamoja, hulala pamoja, huitana kwa sauti wanapopoteana. Mwanadamu alipomtwaa mnyama huyu kutoka katika kundi lake, alimpa kundi jingine, yaani sisi. Kumtwaa katika kundi na kumnyima kundi ni kumvunjia mkataba wa kale. Kile kilio cha usiku kilichomkasirisha mwenye duka kilikuwa sauti ya mmoja aliyepotea, naye awaita wenzake. Wenzake walikuwa sisi, nasi tulikuwa tukifunga madirisha.

Na juu ya ulinzi, mimi ni mwalimu, basi nitatoa mfano wa shuleni. Kengele ya shule husikilizwa kwa sababu hupigwa kwa saa yake. Laiti ingepigwa mchana kutwa na usiku kucha, hakuna mwanafunzi ambaye angeinua kichwa. Mbwa aliaye usiku kucha kwa upweke ni kama kengele hiyo. Mwizi akija, mbwa atabweka. Lakini alibweka jana, na juzi, na mtondo kabla ya hapo, na majirani wamekwisha kujifunza kutosikia. Mbwa aliyetulia huwa mlinzi mwema, kwa kuwa akipaza sauti watu huamka.

Wa pili alisema, "Mbwa si wetu. Mwenyewe ndiye mwenye lawama. Kwa nini tubebe mzigo wa mtu mwingine?" Neno hili lilipendwa sana na wenzangu, na nakiri kwamba hata mimi nilikuwa nimekwisha kumchora mwenye mbwa moyoni mwangu. Nilimchora mtu mkali, mwenye moyo wa jiwe. Nilikuwa nimekaa karibu naye zaidi ya mwaka mmoja, na sikuwa nimepata kuingia mlangoni mwake.

Basi tulikwenda watatu, jioni, tukabisha hodi. Aliyetoka ni mwanamke mzee, ameegemea mkongojo, magoti yamevimba. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akasema, "Karibuni, wanangu. Najua mmekuja kunishtaki." Tukamwuliza kwa nini adhani hivyo. Akajibu kwamba tangu wanawe walipokwenda Nairobi kutafuta kazi, hakuna jirani aliyebisha mlango ule ila kwa mashtaka: kuku wake, ua wake, mbwa wake. Wanawe walimletea mbwa yule ili asiogope usiku. Hapo kwanza alikuwa akimfungua na kwenda naye kisimani. Kisha magoti yalimshinda, na mbwa akakua akawa na nguvu, akamwangusha mara mbili. Tangu hapo alimfunga. "Naye analia," akasema, "na mimi ninamsikia, Mwalimu. Ninyi mwafunga madirisha. Mimi dirisha langu halina kioo."

Msomaji, sikupata jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nikakuta mgonjwa. Tulipomwambia kwamba hatukuja kushtaki, ila twataka ruhusa ya kwenda na Simba matembezini Jumamosi, alitutazama tena kana kwamba hakusikia vema. Kisha akacheka, akaita jina la mbwa, na mnyororo ukalia chini ya mwembe.

Basi nakuuliza wewe usemaye kwamba mwenyewe ndiye mwenye lawama: umekwisha kumwona huyo mwenyewe? Yamkini ni mjane mwenye magoti mabovu. Yamkini ni mtu apandaye matatu alfajiri kwenda kazini Nairobi, akarudi usiku amechoka. Yamkini kweli ni mtu mkali, nao wakali wapo, na kwa ajili yao nchi yetu ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, ambayo ni Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Lakini hutajua ni yupi kati ya hao mpaka umebisha hodi. Anayehukumu kabla ya kubisha hodi amehukumu ua wa michongoma.

Wa tatu alikuwa muuguzi, na hoja yake ni nzito, nami siidharau. Alisema, "Je, kichaa cha mbwa?" Huyu amekwisha kuona watu walioumwa, wala hasemi kwa kubahatisha. Ugonjwa huu ulithibitishwa katika Kenya tangu mwaka 1912, kwa mbwa wa kandokando ya Nairobi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka ulimwenguni, wengi wao katika Asia na Afrika, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Dalili zake zikishatokea kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Asiyeogopa jambo hili si shujaa, ni mjinga.

Lakini hofu njema humwongoza mtu kwenye kinga. Mwaka 1885, huko Paris, Louis Pasteur alimchanja mtoto aitwaye Joseph Meister aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa, na mtoto yule akaishi. Tangu siku hizo kinga imekuwapo na imeendelea kuwa bora. Wataalamu husema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Serikali yetu nayo iliweka mpango mwaka 2014, wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huu kabla ya kwisha mwaka 2030. Mpango ni mwema. Sasa fikiri: ni mbwa gani atakayefikishwa mahali pa chanjo? Yule ajuaye kwenda kwa ukanda, asiyeogopa watu, ambaye jirani aweza kumshika. Mbwa asiyepata kutoka katika duara lake hawezi kufikishwa popote. Ataruka, atauma, na mwenyewe atamwacha nyumbani bila ya kuchanjwa. Basi hoja ya muuguzi, ukiitazama kwa makini, yasimama upande wangu.

Wala sumu haikomeshi kichaa cha mbwa. Sumu haichagui kinywa. Nyama iliyotupwa juu ya ua huliwa na mbwa, na paka, na kuku; mzoga wake huliwa na ndege; na mtoto mdogo aokotaye vitu chini huupeleka mkono wake mdomoni. Mtu aliyetega sumu kwa ajili ya usingizi wake aweza kuamka asubuhi akasikia kilio ambacho hakuna dirisha liwezalo kukizuia.

Wa nne ni mwalimu mwenzangu, Mwislamu, naye alisema kwa upole kwamba dini yake humtaka ajihadhari na mate ya mbwa. Kweli. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo hufuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Yeyote atakayechukua mbwa wa jirani matembezini na ayaheshimu mambo haya. Asimlazimishe mwenzake kumgusa, wala asimwache mbwa amrukie mtu. Lakini mwenzangu yule yule ndiye aliyetukumbusha kwamba katika Hadithi za Mtume mna kisa cha mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Kujihadhari ni jambo moja, na kutesa ni jambo jingine. Leo mwalimu huyo hutembea mbele, mbali kidogo na mbwa. Ndiye abebaye chupa ya maji, na tufikapo kilimani huyamimina katika mkebe wa Simba bila ya kumkaribia.

Wa tano ndiye aliyenichoma. Alisema, "Mwalimu, katika nchi hii kuna watoto walalao na njaa, nawe wasumbuka kwa ajili ya mbwa?" Hoja hii husemwa na watu wengi, na kwa kuwa ina neno watoto ndani yake, wasikilizaji huinamisha vichwa. Mimi sikuinamisha. Huruma si sufuria ya ugali, kwamba ukimpa huyu utampunguzia yule. Ni kama mkono wa mfua chuma. Kadiri uinuavyo nyundo ndivyo uzidivyo kupata nguvu. Tena mwangalie msemaji. Saa aliyomnyima mbwa, je, alimpelekea mtoto mwenye njaa? Aghalabu hakuipeleka popote. Mtu amfikiriaye mnyonge asiyeweza kusema si mtu wa kumsahau mnyonge aliaye kwa maneno. Na kwa habari yetu sisi, ni mbwa aliyetufikisha kwa mjane. Tulikwenda kwa ajili ya Simba, tukamkuta mama mgonjwa ambaye tulikuwa tumepita mlangoni pake kila Jumamosi tukizungumza juu ya afya zetu. Sasa wako wamchoteao maji, na muuguzi humtazama magoti yake. Kabla ya hapo hakuna mtoto, wala mzee, wala mbwa aliyepata faida ya huruma yetu iliyotunzwa kabatini.

Sasa nikueleze mambo yalivyokwenda, ili usidhani nauza ndoto. Tulianza kwa kumwita daktari wa mifugo, akaja bomani, akamchanja Simba hapo hapo mtini, watu wawili wakimshika. Tulichanga gharama, na sehemu ya kila mmoja ilikuwa ndogo. Tukangoja mwezi mmoja. Fundi wa viatu alishona ukanda wa ngozi, mmoja wa shingoni na mwingine mrefu wa kushika. Kila jioni mmoja wetu alikwenda kukaa karibu na mwembe, ili mbwa ajue harufu zetu na sisi tujue tabia zake.

Jumamosi ya kwanza tulimfungua mnyororo. Alikwenda mbio hatua tatu, akafika kwenye ukingo wa duara lake, akasimama. Mnyororo haukuwapo tena, lakini alisimama. Alinusa majani yaliyo nje, akarudi ndani, akaja tena mpaka kwenye ukingo. Tulingoja muda mrefu, hakuna aliyemvuta. Hatimaye mama mzee aliinuka na mkongojo wake, akajikokota mpaka upande wa pili, akasimama juu ya majani mabichi, akamwita. Simba aliruka ukingo ule kama kwamba ni mto.

Sitakudanganya kwamba safari ilikuwa nzuri. Alituvuta huku na huku, akauzungusha ukanda miguuni mwa kijana mmoja akamwangusha, akaogopa punda, akataka kuwafukuza mbuzi wa watu. Hatukufika kilimani siku ile. Jumamosi ya pili tulifika nusu ya njia. Ya tano tulifika penye miti, naye akalala kivulini katikati yetu, ulimi nje, na kwa mara ya kwanza nilimwona amefumba macho mchana. Mwaka uliofuata, wakati wa chanjo ulipofika tena, Simba alikwenda kwa miguu yake mwenyewe kwa daktari, akasimama, akachanjwa, akarudi.

Je, amekoma kulia usiku? Amepunguza sana; hajakoma kabisa. Siku moja ya matembezi katika juma haimalizi upweke wa siku sita, na kwa ajili hiyo vijana wawili wameanza kumtoa siku za katikati, naye siku hizi hafungwi mchana, maana ua umezibwa vizuri. Na mwenye duka? Hajampenda mbwa, wala simdai ampende. Lakini hasemi tena habari za sumu, na asubuhi moja, tulipokuwa twaondoka bila ya Simba kwa kuwa tulidhani ni mgonjwa, yeye ndiye aliyeuliza, "Na yule je?"

Wewe msomaji uliye mwanafunzi, yamkini sasa waona hamu ya kuinuka na kumfungua mbwa wa jirani. Keti kwanza. Wema usio na akili huleta msiba. Usimfungue mbwa wa mtu bila ya ruhusa yake. Huo ni wizi hata kama nia ni njema. Usiende peke yako. Nenda na mzazi wako au na mtu mzima mwenye nguvu. Uliza kama mbwa amechanjwa, na uombe kuiona hati ya chanjo; kama hakuchanjwa, chanjo ndiyo matembezi yenu ya kwanza. Msikilize anayeogopa mbwa katika kundi lenu, mpe nafasi mbali, wala usimcheke. Mshike mbwa kwa ukanda imara mpitapo penye watoto, penye mifugo na penye magari. Nenda asubuhi au jioni, maana ardhi ya mchana huchoma nyayo. Chukua maji. Na ikiwa mbwa yeyote atakuuma au kukukwaruza, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata jeraha likiwa dogo. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Hayo ndiyo masharti, nayo si mengi kuliko masharti ya kucheza mpira. Yanataka watu kumi wenye saa moja, ukanda wa ngozi, chupa ya maji, na mmoja mwenye ujasiri wa kubisha hodi. Hilo la mwisho ndilo gumu. Sisi tu hodari wa kulalamika juu ya jirani, na hodari wa kupeleka mashtaka kwa chifu, na tuna majina mengi ya kumwita mtu ambaye hatujapata kunywa maji katika nyumba yake. Kubisha hodi hutuogofya, kwa kuwa tukisha kumwona mtu uso kwa uso hatuwezi tena kumchukia kwa raha.

Kwa hiyo usiku wa leo, usikiapo mbwa alia nyuma ya ua, jaribu kutofunga dirisha. Sikiliza mpaka ujue sauti yatoka nyumba gani. Kesho, pamoja na wenzako, nenda ukabishe hodi katika nyumba hiyo. Na Jumamosi, mtakapopita njia ile mkienda kunyosha miguu yenu, na awepo mmoja zaidi kati yenu, mwenye miguu minne.